Picha ya Ajali Haitengenezi Breki

Desemba ikikaribia, simu yangu hujaa magari yaliyopondeka. Siyo habari za ajali, ni matangazo. Wenye gereji, wauza tairi, wauza spea, hata wanaofunga vifaa vya kufuatilia gari, wote wanaanza na picha ya basi lililolala ubavu, kisha maandishi mekundu: "JE, GARI LAKO LIKO SALAMA?" Chini yake namba ya simu, basi.

Mimi huandika matangazo ya biashara ndogondogo hapa Dodoma, ndiyo kazi inayoniweka mjini. Katika yote ninayoletewa, hii ya kuwatia hofu wenye magari ndiyo inayonifanya nibishane na wateja wangu kila mwaka. Wanadhani naogopa picha za damu. Kweli sizipendi, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba hofu ya namna ile inaharibu kitu tunachokihitaji sote tukiwa barabarani: kumwamini fundi siku anaposema ukweli.

Nikubali kwanza kwamba hatari ipo. Mtu anayeishi hapa katikati ya nchi hafiki mbali bila safari ndefu. Ukienda mashariki unapita Chamwino, Mbande, Kibaigwa na Gairo, unapishana na malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Kusini ni Mtera hadi Iringa. Kaskazini ni Kondoa na Babati. Magharibi unapita Bahi, Manyoni na Singida, na ukishaiacha Singida kuelekea Nzega unaukuta mlima Sekenke, ambao madereva wa malori wanaujua vizuri, na wapo wanaoukumbuka kwa jina la mwenzao aliyebaki pale.

Wala mkoa huu hauhitaji kufundishwa maana ya chombo kushindwa kusimama. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko karibu na Igandu, ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu zaidi ya 280. Ukibandika picha ya mabaki ya gari hapa Dodoma, usifikiri unampa mtu habari mpya. Unamtonesha kidonda.

Ukweli wa breki wenyewe unatosha kumfanya mtu achukue hatua, ila hakuna anayejisumbua kuueleza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, taratibu, mwaka hadi mwaka. Yakiwa mapya, ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za sentigredi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu na 140. Sasa dereva anateremka Sekenke, mguu uko kwenye breki kutoka juu mpaka chini, badala ya kuweka gia nzito na kuiacha injini ilizuie gari. Diski zinapata joto kali, joto linafika kwenye mafuta, mafuta yanachemka, mapovu yanajaa ndani ya mabomba. Mafuta hayabonyei, ila mapovu yanabonyea. Kwa hiyo anakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, na gari haliitiki. Mtu akielezwa hivi anaelewa kwa nini abadilishe mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili hivi, na anaelewa bila kuoneshwa maiti ya mtu.

Mwenye gereji mmoja, mzee ninayemheshimu na anayeijua kazi yake, alinitumia picha aliyotaka niiweke kwenye tangazo la mwisho wa mwaka. Gari dogo jeupe limebanwa chini ya tela la lori. Namba za usajili zinasomeka zote. Kando ya mlango kuna kandambili ya mtoto. Nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeiona? Hiyo lazima washtuke."

"Nimeiona. Lakini mzee, hili gari lina wenyewe. Namba hizi kuna mtu anazijua, na simu anayo."

Akanyamaza kidogo. "Basi zifute namba."

"Nikizifuta, kandambili inabaki."

Kuhusu picha hakubisha tena, ni mtu mwenye watoto na wajukuu. Alichobishia kilikuwa kizito zaidi, na sikuwa na jibu la haraka. Alisema: "Mwanangu, mtu asipoogopa haleti gari. Analileta likiwa limeshavutwa." Yeye ameyaona. Mtu anasikia breki zinakwaruza chuma kwa chuma miezi miwili, anaongeza sauti ya redio. Kwa hiyo aliyekuwa akinieleza haya hakuwa tapeli. Alikuwa fundi aliyechoka kupokea magari yaliyochelewa.

Nitarudi kwa mzee. Kwanza nieleze yaliyompata jirani yangu, maana huko ndiko hofu inakoonesha sura yake nyingine.

Jirani yangu ni muuguzi, ana gari dogo, Toyota IST. Alipata msiba Kilosa. Jioni, kabla ya kuondoka alfajiri na wanawe wawili, akalipeleka gari kwenye gereji moja, siyo ya mzee, likaguliwe. Bango lilisema kukagua ni bure. Kijana akainua gurudumu la mbele kwa jeki, akalitikisa, akamwita.

"Mama, njoo uone. Hii boli jointi imekwisha kabisa. Ikichomoka ukiwa Kibaigwa, gurudumu linalala, wewe na watoto hampo."

Boli jointi ni kiungo kinacholishikilia gurudumu la mbele kwenye gari. Fikiria hali aliyokuwa nayo. Amefiwa, jua limezama, watoto wako nyumbani wanakunja nguo za safari, na mtu mwenye mikono iliyojaa grisi anamwambia watoto hao watakufa kesho, na mahali anamtajia. Alilipa. Boli jointi mbili, tairodi endi mbili za usukani, na bushi za mpira juu yake. Alipouliza vilivyotolewa viko wapi, akaambiwa vimeshatupwa.

Mimi sikuwepo, siwezi kuapa kwamba boli jointi ile ilikuwa nzima. Na yeye hawezi. Alitoa hela ya mwisho wa mwezi mzima akaondoka asijue kama ameokolewa au amepigwa, na mpaka leo hajui. Baada ya hapo akiambiwa na fundi yeyote kwamba kitu kimeharibika, anacheka kwa uchungu na kuondoa gari. Siku moja mtu atamwambia kweli, naye hatasikia. Hiyo ndiyo hasara ninayoisema, na haimo kwenye risiti yoyote.

Nilimuuliza mzee boli jointi hupimwaje. Hakunieleza, alinipeleka kwenye gari lililokuwa juu ya jeki. Akashika tairi kwa mikono miwili, mmoja juu kabisa, mwingine chini kabisa, akawa anasukuma huku na kuvuta huku. Lilicheza. Kulisikika mlio mdogo wa chuma, tak, tak. "Hapa hapa," akasema, "mwingine ameshakuandikia bili ya boli jointi." Akamwita kijana wake aingie ndani akanyage breki aishikilie. Akatikisa tena. Safari hii gurudumu likatulia, kimya. Breki ikishikwa, gurudumu linafungamana na kile linachozungukia, kwa hiyo kama mchezo ulikuwa wa beringi, ile inayoliwezesha gurudumu kuzunguka, unapotea. Kama ungekuwa wa boli jointi, ungebaki vilevile. "Hii ni beringi," akasema, akanipa tochi nitazame mpira unaoifunika boli jointi. Mzima, haujachanika, hakuna grisi iliyovuja. Kwa upande wa tairodi endi, unashika tairi kushoto na kulia badala ya juu na chini. Yote hayakuchukua hata dakika tano, na hayakuhitaji kompyuta.

Jirani yangu alistahili dakika hizo tano. Alistahili kuitwa si aje atishwe, bali aje ashike tairi kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa, ni rahisi kuishia kuwalaani mafundi. Nimekaa nao vya kutosha kujua kwamba tatizo liko kwenye namna wanavyolipwa. Gereji nyingi za mjini fundi hana mshahara. Analala chini ya gari nusu saa, upepo wa Dodoma unampulizia vumbi machoni, anatoka anasema "bosi, liko sawa." Anapata nini? Labda hela ya soda. Lakini akisema shokapu zimekufa, atalipwa ufundi, na duka la spea atakalokutuma litamwachia cha juu. Sote tunakijua cha juu. Neno "bure" pale kwenye bango ndilo linalofanya fundi alipwe kwa ubovu peke yake. Ukimlipa mtu kwa ubovu tu, ubovu utapatikana, na njia ya haraka ya kukufanya uukubali bila kuuliza maswali ni kukutajia watoto wako.

Mji nao umebadilika. Tangu mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia hapa, na baadaye ofisi zikaanza kujengwa Mtumba, wamekuja watu wengi wenye magari ambao hawana fundi wanayemfahamu. Zamani fundi wako alikuwa jirani wa shangazi, ukipigwa leo, kesho mnakutana kanisani au msikitini. Leo unaingia gereji ya kwanza unayoiona barabarani. Mahali palipokuwa na kufahamiana, pamewekwa bango la ajali.

Na haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 1992 maofisa wa jimbo la California, Marekani, waliituhumu Sears, kampuni kubwa ya maduka iliyokuwa na gereji nyingi, kwamba inawauzia watu matengenezo yasiyohitajika. Walikuwa wamepeleka magari kwa siri, wakijifanya wateja wa kawaida. Katika ziara 38, mara 34 waliambiwa watengeneze kitu ambacho hakikuhitaji kutengenezwa. Wafanyakazi wa gereji zile walikuwa wamewekewa kamisheni na malengo ya mauzo: breki kadhaa, shokapu kadhaa. Kampuni ikalazimika kuufuta utaratibu huo wa kamisheni. Mashati yalikuwa safi, sakafu ilipigwa deki, risiti zilitoka kwenye mashine, na bado kilichokuwa kinaendelea ni cha juu kilekile.

Turudi kwenye hoja ya mzee, kwamba asiyeogopa haji. Iliniondolea usingizi mpaka nikatafuta waliowahi kuipima. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Janis na Feshbach, waliwapa wanafunzi wa sekondari mihadhara kuhusu usafi wa meno. Kundi moja lilioneshwa picha za kutisha za fizi na meno yaliyooza, jingine za wastani, jingine za kawaida tu. Waliotishwa sana ndio walioogopa zaidi, na ndio waliobadilika kidogo kuliko wote. Kisha mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake, pale chuo cha Yale, wakawapa wanafunzi kijitabu kuhusu pepopunda. Wengine walitishwa sana, wengine kidogo. Baadhi yao waliongezewa ramani ya zahanati ya chuo na kuombwa wapange saa watakayokwenda. Kati ya waliopewa ramani, karibu watatu katika kila kumi walikwenda kuchanjwa. Kati ya wasiopewa, ni watatu hivi katika kila mia. Ukubwa wa hofu haukuleta tofauti. Ila kulikuwa na kundi jingine, waliopewa ramani bila kutishwa kabisa, nao hawakwenda.

Kwa hiyo mzee alikuwa na haki nusu. Hofu kidogo inahitajika. Ikizidi, haiongezi kitu, na kinachomtoa mtu nyumbani ni kujua aende wapi, saa ngapi, akafanye nini. Nami nimeliona hilo kwenye kazi yangu. Fungua tangazo lolote lenye gari lililopondeka usome maoni ya chini: "Mungu atuepushe." "Ee Mola tulinde." "Ajali haina kinga." Watu wanalituma kwa ndugu zao, wanalisambaza kwenye makundi ya ukoo, kisha wanasali. Kusali ni kwema, mimi nasali kila nikiingia kwenye gari. Lakini tangazo lililomfikisha mtu kwenye "ajali haina kinga" limemwondolea sababu ya kupeleka gari gereji. Limemwambia kifo kinakuja, halafu likamwacha hapo.

Kuna hofu nyingine yenye namba, na hiyo ndiyo ninayokubali kuiandika. Breki pedi mpya huwa na unene wa milimita kama 10 hivi au zaidi, ikifika 3 itoe. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: ukiona 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Dodoma hii watu wengi wanatazama meno ya tairi tu. Gari la mtu asiyesafiri sana linaweza kukaa juani miaka, meno bado marefu, huku mpira umekakamaa na kuchanika nyufa nyembamba ubavuni. Kisha siku ya safari anapakia familia na gunia la mchele, anashika kasi ya lami, na tairi linapasuka likiwa linaonekana jipya. Hii inatisha, tena inatisha kuliko picha. Lakini msomaji wa tangazo anaweza kutoka nje sasa hivi, akainama, akasoma zile tarakimu nne.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Ila tuseme kweli, muuguzi anayesafiri alfajiri kwenda msibani hana nafasi ya kuandika malalamiko, na ushahidi wake umeshatupwa pamoja na boli jointi.

Tangazo tulilokubaliana na mzee halina picha ya ajali. Lina picha ya mkono wake umeshika breki pedi mbili, nene na iliyokwisha, zimewekwa sambamba. Maneno ni haya: "Unapita mlima Sekenke au Kitonga mwezi huu? Tunapima breki pedi, mafuta ya breki, tairi na boli jointi, na kila kimoja unaoneshwa kwa macho yako. Kupima ni shilingi 15,000, dakika 40. Gari likiwa zima, tunakuandikia kwamba ni zima. Spea ikibadilishwa, ya zamani unaondoka nayo." Halafu ramani, na saa za kazi.

Halikusambazwa sana. Hakuna aliyeandika "Mungu atuepushe." Waliandika "mko upande gani, kabla ya reli au baada?" na "Jumapili mnafungua?" Mwingine aliuliza kama anaweza kuja na fundi wake awepo wakati wa kupima, mzee akasema aje naye.

Ugumu umebaki kwenye ile 15,000. Gereji ya pili yake imeandika BURE kwa herufi kubwa kuliko mlango, na wapo wanaosoma bei yetu wakavuka barabara. Mzee alipendekeza tuseme hivi: ukitengenezea kwetu, hela ya kupima tunakusamehe. Lilisikika zuri. Tukakaa tukaliwaza, tukaona linaturudisha kulekule, maana fundi atakula tu akipata ubovu. Aliyelikataa kwa nguvu zaidi ni yule kijana aliyekanyaga breki siku ile. Alisema tangu kupima kulipwe, na yeye akapewa fungu lake humo, anaweza kumwambia mtu gari lake ni zima na bado akala mchana.

Bei imebaki. Tulichobadilisha ni kwa bajaji, ambazo tumeweka 5,000, kwa sababu breki zake ni chache na wenye bajaji wengi wanakuja asubuhi kabla ya kuingia kazini. Na mzee ameagiza vitabu vya karatasi nakala mbili, moja ya mteja, moja ya gereji, yenye mistari minne ya vipimo na nafasi ya sahihi ya fundi aliyepima.